Unyevu katika Nchi Kavu: Mhadhara juu ya Kuta, Paa na Ghala za Nyumbani



 Kwa kuwa hadhira hii imekusanya watu wa kazi mbalimbali, nitajitahidi nisiseme kwa lugha ya maabara peke yake, wala kwa lugha ya mafundi peke yake, bali kwa lugha ambayo kila mwenye mlango wa kufunga jioni na mtoto wa kulaza nyuma ya mlango huo aweza kuielewa na kuifanyia kazi.

Yamkini wapo miongoni mwenu wanaostaajabu kwamba mhadhara juu ya unyevu na kuvu unatolewa Dodoma, na si Tanga, wala Unguja, wala Bukoba, ambako mvua ni nyingi na nguo hukataa kukauka. Mji wetu umekaa juu ya uwanda wa kati, mita 1,100 na ushei kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, nayo huanza aghalabu mwishoni mwa Novemba au katika Desemba na kukoma Aprili. Jumla yake katika mwaka wa kawaida haizidi sana milimita 600. Na miezi yote inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Mtu aliyezaliwa katika nchi ya namna hii hujifunza tangu utotoni kuyatafuta maji, kuyachota mbali, kuyanunua kwa dumu na kuyahifadhi, wala hakuna anayemfundisha kujikinga nayo.

Hapo ndipo ilipo rai yangu, nami nataka kuitamka mapema ili msikilizaji ajue nampeleka wapi: ukavu wa nchi si ukavu wa nyumba. Nchi hii hutujalia jua na upepo wa kukausha kila kitu kwa miezi saba pasipo malipo, lakini unyevu huingia nyumbani mwetu kwa njia tunazozifungua wenyewe, yaani kwa msingi, kwa paa, kwa pumzi na mapishi, na kwa magunia tunayoyalaza sakafuni. Na madhali tumezoea kuamini kwamba jua litatutendea kila kazi, tumezipuuza hadhari ambazo mtu wa pwani hawezi kuzisahau hata siku moja. Wahenga walisema, mdharau mwiba, mguu huota tende. Nasi tumeudharau unyevu kwa kuwa ni mchache, ilhali uchache wake haujawahi kuwa dhamana ya usalama wetu.

Natutazame kwanza tabia ya kuvu yenyewe. Kuvu ni kiumbe hai, si mmea wala si mnyama, nayo hueneza mbegu ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zikaelea katika hewa ya kila chumba. Hakuna nyumba duniani, iwe kasri au kibanda, isiyokuwa nazo. Kwa hiyo anayetaka kuishinda kuvu kwa kuziondoa mbegu zake zote anajisumbua bure. Haja zake ni tatu: chakula, joto la wastani, na maji. Chakula haikikosi, kwa maana mbao, karatasi ya dari ya jipsamu, ngozi, nguo, vumbi, unga na nafaka, vyote kwake ni riziki. Joto la nchi yetu huifaa mwaka mzima. Na kilichobaki mkononi mwetu kuinyima ni maji peke yake. Kitu kilicholowa kikikaushwa katika muda wa siku moja au mbili, aghalabu kuvu haipati nafasi ya kuota. Kikiachwa juma zima, itakuwa imekwisha kujenga makao. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 juu ya unyevu na kuvu majumbani, lilieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata maradhi ya njia ya pumzi na ya kuzidiwa na pumu. Na shauri lake kuu halikuwa dawa ya kupulizia ukutani, bali ni kuuzuia unyevu wenyewe usikae.

Wazee wa Ugogo hawakuwa na maabara, walakini nyumba yao ya asili, tembe, ilikuwa na nidhamu yake juu ya jambo hili. Tembe ilijengwa kwa miti iliyosimamishwa na kukandikwa udongo, na juu yake paa bapa la magogo na fito lililofunikwa kwa udongo, vyumba vikizunguka ua wa mifugo. Sisemi kwamba ilikuwa nyumba kamili. Ilikuwa na giza, moshi wake uliumiza macho na vifua, na mvua ikizidi paa lilivuja. Lakini kwa kuwa paa lile lilijulikana kuwa dhaifu, lilikaguliwa na kuongezwa udongo kila mwaka kabla ya masika. Moto wa kuni ulikausha fito za juu usiku na mchana. Na nafaka ilihifadhiwa katika vilindo vya magome ya miti vilivyoinuliwa kutoka chini, visiguse udongo. Ilipokuja Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wakahamia katika vijiji vipya, na katika miaka iliyofuata tofali na bati vikaanza kuchukua mahali pa mti na udongo, tulipata nyumba iliyo bora kwa mambo mengi; bahati mbaya ni kwamba tulidhani nyumba bora haihitaji ukaguzi, tukaiacha tembe pamoja na desturi yake ya kuangalia paa kila mwaka.

Kisha mji wenyewe ukakua. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973; mwaka 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahamia kwa hakika; na mwaka 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Tangu hapo tumeona nyumba zikiota Iyumbu, Nzuguni, Nala, Mkonze na kandokando ya barabara ya kwenda Mtumba kwa kasi isiyopata kuonekana katika uwanda huu, na nyingi katika hizo zimejengwa kwa haraka ya mtu anayekimbia kodi ya pango, au ya mtu anayewahi wapangaji. Katika nyumba hizi mpya, na si katika zile kuukuu peke yake, ndimo ninamotaka tuingie pamoja.

Usogelee ukuta wa sebule iliyopakwa rangi miaka miwili iliyopita. Kutoka sakafuni hadi kimo cha goti, na pengine hadi kimo cha paja, rangi imefanya malengelenge. Ukiyagusa hupasuka, na ukiibandua rangi kwa ukucha unakuta nyuma yake unga mweupe, laini, wenye nyuzi nyembamba zinazong'aa, na plasta iliyo nyuma ya unga huo humomonyoka na kudondoka juu ya kidole cha mguu. Mtaani watu huuita unga huo fangasi, na mwenye nyumba huenda dukani kununua dawa ya fangasi, kisha hupaka rangi mpya, na baada ya masika moja hali hurudi kama ilivyokuwa. Lakini chukua kidogo cha unga huo ukitie katika kijiko cha maji safi: utayeyuka na kupotea. Kuvu haiyeyuki, nayo aghalabu huwa nyeusi, kijani au kijivu, na chumba chake hunuka uvundo. Kilichomo katika ukuta huu ni chumvi, na dawa ya fangasi haina nguvu yoyote juu ya chumvi.

Hiyo chumvi yatoka wapi? Yatoka ardhini, kwa kuwa udongo wa nchi zenye mvua chache haukuoshwa sawasawa na maji ya mbinguni, chumvi zake zikabaki karibu na uso wa ardhi. Yatoka pia katika maji ya visima yenye magadi ambayo fundi huchanganyia zege, na katika mchanga wa makorongo uliochotwa na kutumiwa bila kuoshwa. Maji yaliyo chini ya msingi hupanda ndani ya vitundu vidogo vya tofali kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa kandili, yakibeba chumvi iliyoyeyuka ndani yake; yanapofika kwenye uso wa ukuta, maji huruka na kuwa mvuke, chumvi hubaki, nayo ikijikusanya na kuganda ndani ya plasta huisukuma mpaka ipasuke. Na hapa pana jambo ambalo kila fundi wa Dodoma hana budi kulishika: jua letu na upepo wetu, ambavyo tulivihesabu kuwa kinga, katika ukuta huu ndivyo vinavyoharakisha uharibifu, maana kadiri uso wa ukuta unavyokaushwa kwa nguvu ndivyo ukuta unavyovuta maji mengine kutoka chini na kuongeza chumvi juu ya chumvi. Kisha masika yanapofika, chumvi hiyohiyo hunyonya unyevu wa hewani, ukuta ukabaki umelowa, na kuvu ya kweli ikapata maji yake.

Ikiwa una shaka kama unyevu watoka ndani ya ukuta au katika hewa ya chumba, kata kipande cha nailoni safi chenye upana wa kitabu kilichofunguliwa, ukibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipo kuacha upenyo, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, ule unaogusa ukuta, unyevu watoka ukutani. Ukiyakuta upande wa nje, watoka chumbani. Jaribio hili halina gharama, nalo humwepusha mtu na dawa asiyoihitaji.

Tiba ya ukuta huu yapasa kufanywa siku ya msingi, kabla ukuta haujazaliwa. Msingi ukiisha kusawazishwa, na kabla ya kulaza kozi ya kwanza ya tofali za ukuta, sharti pawekwe kizuizi cha unyevu: nailoni nzito ya kazi hiyo, au karatasi ya lami, iliyotandazwa upana wote wa ukuta pasipo kukatika, ikae walau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, na chini ya jamvi la sakafu, juu ya kifusi kilichoshindiliwa, itandazwe nailoni nyingine iungane na ile ya ukuta. Mchanga wa korongo uoshwe; maji ya magadi yasitumike kuchanganyia ikiwa mengine yapatikana; ardhi ya nje iinamie mbali na nyumba; na wenye kupenda maua wasiyapande wala kuyamwagilia sentimita chache kutoka ukutani, kwa kuwa mtu amwagiliaye maua hapo kila jioni anaumwagilia na msingi wake. Nimeona wenye nyumba wakiikataa nailoni kwa kuwa fedha imepungua, ilhali katika jengo lilelile wamekwisha kuweka akiba ya vigae vya sebuleni; na fundi, kwa kuchelea kukosa kazi, akanyamaza. Nawasihi mafundi wasinyamaze hapo. Mwenye nyumba hajui; nawe unajua, na ujuzi ni dhamana.

Kwa nyumba iliyokwisha kuugua, bado pana njia. Kwanza uondolewe mzizi wa maji: bomba linalovuja, shimo la maji machafu lililo karibu mno, au udongo uliorundikwa nje ukavuka kimo cha sakafu. Kisha plasta iliyooza ibanduliwe mpaka nusu mita juu ya alama ya unyevu, chumvi ifagiliwe kwa burashi kavu, wala isioshwe kwa maji, kwa sababu maji huirudisha ndani ya tofali. Ukuta uachwe wazi upumue miezi ya kiangazi, ambayo Mwenyezi Mungu ametupa kwa wingi kuliko watu wa nchi nyingi. Na mwisho upakwe plasta yenye chokaa na rangi inayopitisha mvuke. Kubandika vigae juu ya ukuta uliolowa, au kuupaka rangi nzito ya mafuta, ni kuuziba mdomo. Unyevu hautatoka pale, bali utapanda juu ya vigae na kutokea kimo cha bega.

Natupande sasa hadi paa. Mvua ya Dodoma ni chache kwa jumla ya mwaka, lakini haiji kwa utaratibu. Huja kwa kishindo, alasiri moja, pamoja na upepo. Fikirini nyumba ya kawaida yenye paa la mita za mraba 100: ikinyesha milimita 50 kwa alasiri moja, paa hilo limepokea lita 5,000, yaani mapipa 25 ya lita 200, katika saa chache. Maji hayo yote sharti yapate njia. Katika miaka ya karibuni umeingia mtindo wa paa la kuficha, ambapo ukuta hupandishwa kuzunguka bati ili nyumba ionekane bapa, na maji hukusanywa katika mfereji ulio nyuma ya ukuta huo. Kwa macho ni mtindo wa kupendeza. Lakini upepo wetu hujaza mfereji ule vumbi, majani na mifuko kwa miezi saba, na siku ya mvua ya kwanza maji hukuta njia imezibwa, yakarudi chini ya bati na kushukia darini. Na jipsamu ikiisha kulowa hutoa kwanza duara la rangi ya chai, kisha madoa meusi ya kuvu, kisha huanguka. Anayeupenda mtindo huu na aujenge, lakini ajue kwamba ameoa kazi ya kuusafisha mfereji kila mwaka, na ahakikishe unapitiwa na mabomba ya kushushia maji yasiyopungua mawili, ili moja likiziba jingine liokoe. Paa la mwinuko lenye upenu unaochomoza vizuri nje ya ukuta hubaki kuwa kinga iliyo bora kwa mwenye kipato cha kadiri, kwa sababu hulinda na kuta na madirisha pia; nayo maji yake, yakipokewa kwa gata na kupelekwa katika tangi, huacha kuwa adui wa msingi yakawa riziki ya jikoni.

Hata paa jema lataka kukaguliwa. Bati hutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa kwa baridi ya usiku, na kwa miaka michache misumari hulegea. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba, kabla mawingu hayajakusanyika, pandeni au mpandisheni fundi, akaze misumari, aangalie kofia ya paa na mabonde ya maungio, na asafishe gata.

Njia ya tatu ya unyevu ni sisi wenyewe. Mtu mmoja kwa pumzi na jasho lake hutoa maji yanayokaribia lita moja kwa siku. Ongezeni sufuria ya maharage inayochemka kwa muda wa saa tatu, maji ya kuoga, na nguo zilizoanikwa ndani kwa kuogopa vumbi, mtaona kwamba familia ya watu wanne au watano huingiza hewani lita nyingi kila siku. Mwezi wa Julai, wakati baridi ya usiku inaposhuka hadi nyuzi 13 au chini yake, kila dirisha hufungwa na kila pazia hushushwa, na mvuke huo haupati pa kutokea. Hukutana na bati lililopoa chini ya mbingu isiyo na wingu, ukageuka maji, na alfajiri matone hudondoka katika nyumba isiyo na dari, ilhali nje hakujanyesha tangu Aprili. Wengi hudhani bati limetoboka. Dawa yake ni hewa: madirisha yanayotazamana, na hasa upande wa mashariki utokako upepo wetu mwingi wa mwaka, yafunguliwe kila siku walau asubuhi na jioni, jiko lipewe tundu la kutolea mvuke, kabati na vitanda visibandikwe ukutani, magodoro na mikeka vianikwe juani. Na namwomba mtu yeyote asijaribu kukausha chumba kwa jiko la mkaa nyuma ya milango iliyofungwa, kwa maana moshi usioonekana wa mkaa huua kabla unyevu haujadhuru.

Pakiisha kuota kuvu katika sehemu ndogo, safisheni kwa maji ya sabuni, mkiwa mmefunika pua na mdomo na kufungua madirisha. Msiisugue ikiwa kavu, kwa kuwa mtazieneza mbegu zake chumba kizima. Anayetumia dawa ya kung'arishia nguo asiichanganye kamwe na siki wala na dawa nyingine ya usafi, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Mtoto mwenye pumu asiwepo chumbani siku hiyo.

Nimeiacha ya mwisho ile sehemu iliyo nzito kuliko zote, nayo ni chakula kilichohifadhiwa ndani ya nyumba. Mwezi wa Juni mwaka 2016, habari zilitoka wilaya ya Chemba, mkoani humu, za ugonjwa usiojulikana: watu wa nyumba moja, wakubwa kwa watoto, waliumwa tumbo, wakatapika, macho yakageuka manjano, matumbo na miguu ikavimba. Ugonjwa ukaonekana pia Kondoa, na Kiteto katika mkoa wa Manyara. Mpaka Novemba wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Uchunguzi ulithibitisha kwamba si maradhi ya kuambukizwa; ilikuwa ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, nayo ilikuwa ndani ya mahindi waliyoyalima wenyewe na kuyahifadhi wenyewe. Kipimo kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi. Mahindi yaliyochukuliwa katika baadhi ya nyumba zile yalikuwa na maelfu ya mikrogramu.

Miaka kumi na miwili kabla yake, mwaka 2004, jirani zetu wa Makueni na Kitui nchini Kenya, wakulima wa nchi kavu kama yetu, walipatwa na msiba mkubwa zaidi: wagonjwa 317, na waliofariki 125. Wachunguzi waliolinganisha nyumba za wagonjwa na nyumba za wazima waligundua kwamba waliougua walielekea zaidi kuwa wamehifadhi mahindi yao ndani ya nyumba ya kulala kuliko katika ghala ya nje. Tafakarini jambo hilo. Yule aliyeyaingiza mahindi ndani, ama kwa kuogopa wezi, ama kwa kuwa njaa ilikuwa karibu, aliyaweka mahali penye pumzi za watu, mvuke wa jikoni na sakafu ya udongo, nayo yalikuwa hayajakauka.

Wala tusidhani kwamba ukame wetu hutuokoa hapa. Mhindi unaokaukiwa shambani wakati wa kubeba punje hudhoofika, wadudu huutoboa, na kuvu huingia kabla ya kuvunwa. Kwa hiyo mkulima wa Chemba au Kongwa huenda akaleta nyumbani mahindi yaliyokwisha kubeba kuvu, na yanayobaki yote hutegemea ghala yake. Gunia likikaa chini ya bati linalodondosha maji alfajiri, au likiegemea ukuta ule wa chumvi nilioueleza, mlango umefunguliwa. Na sumu hii ikiisha kuingia haipikiki: moto wa ugali hauimalizi, jua la baadaye haliiondoi, na kukoboa huipunguza kwa sehemu tu. Kumpa kuku au ng'ombe mahindi yaliyooza, au kuyatia katika pombe, ni kuirudisha sumu mezani kwa njia ya maziwa au kikombe.

Basi mambo ya kufanya ni haya. Mahindi yakivunwa yaanikwe juu ya turubai au kichanja, yasigusane na udongo. Magunzi yaliyooza na punje zilizobadilika rangi zichambuliwe na kufukiwa. Kabla ya kuhifadhi, chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mtie vijiko viwili vya chumvi kavu ya unga, mjaze mahindi theluthi moja, mfunge na kutikisa kwa dakika chache, kisha mwiache chupa itulie robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, punje bado zina maji zaidi ya asilimia 15, ziendelee juani. Ikianguka yote chini, zinakaribia usalama, nazo zianikwe siku moja au mbili zaidi ili zifike asilimia 13. Karanga zataka ukavu zaidi ya huo, asilimia 7. Magunia yapangwe juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani, mahali pasipo chini ya paa linalovuja wala karibu na jiko. Na mwenye uwezo anunue mifuko isiyopitisha hewa, lakini asitie ndani yake nafaka mbichi, kwa sababu mfuko huo hulinda ukavu, hauuleti. Mradi wa Serikali wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, ulichagua Mtanana wilayani Kongwa kuwa mahali pa kituo cha elimu ya hifadhi ya mazao, na uchaguzi huo ni ushahidi kwamba taifa limeutambua mkoa huu kuwa uwanja wa vita hii.

Ndugu zangu, haya yote niliyoyataja yana kalenda moja, na kalenda hiyo ni neema tuliyopewa sisi wa uwanda wa kati. Mei na Juni ni miezi ya kukausha nafaka. Julai ni mwezi wa kufungua madirisha hata kama baridi inauma. Agosti na Septemba ni miezi ya kuponya kuta. Oktoba ni ya kukagua paa. Na kuanzia mvua ya kwanza mpaka Aprili ni kuangalia, na kukausha ndani ya siku mbili kila kilicholowa. Mtu wa nchi yenye mvua mwaka mzima hana kiangazi cha kusubiri; sisi tunacho, na asiyekitumia hana wa kumlaumu.

Wenye nyumba za kupangisha nawakumbusha kwamba mpangaji hawezi kuvunja plasta yenu wala kupanda juu ya bati lenu. Afya ya watoto wake imo katika dhamana yenu tangu siku mliyopokea kodi. Wenye kusimamia ujenzi katika jiji hili nawaomba kizuizi cha unyevu kikaguliwe kwenye msingi kama nondo zinavyokaguliwa, kwa kuwa kikiisha kufunikwa na tofali hakuna jicho litakalokiona tena. Na kila mmoja aliyeketi hapa namwomba akifika nyumbani leo afanye jambo moja tu kabla ya kulala: ayaondoe magunia yake ukutani, ayainue kutoka sakafuni, na atie mkono ndani yake kuona kama yana joto au uvundo. Kazi hiyo haihitaji fedha wala fundi, na katika mkoa uliozika watu kwa sumukuvu haifai kuahirishwa hata hadi kesho.